Barabara Iliyokunjwa Kwenye Kenchi

Juma lililopita nilirudi nyumbani kwa mama, hapa hapa Tabora mjini, kumsaidia kutoa vitu sebuleni kabla mafundi hawajaja kuweka dari. Nyumba yetu haijawahi kuwa na dari. Ukilala chali unaona kenchi, unaona mabati, unaona na buibui wanaishi vizuri kuliko wewe. Nikapanda juu ya meza na ufagio kuondoa utando, na hapo ndipo mkono wangu ukagusa kulabu. Zilikuwa nne, zimeshika kutu, na kwenye moja kimebaki kipande cha kamba ya katani kigumu kama mfupa. Nikakinusa. Usinicheke, rafiki yangu, mimi ni mama mtu mzima wa jumuiya, lakini nilisimama juu ya meza nikanusa kamba. Ilikuwa bado inanuka nta.

Nikashuka, nikakaa kwenye kochi lililojaa vumbi, na kazi ikasimama.

Baba alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya reli. Mimi nilikuwa darasa la nne, mdogo wangu bado anazunguka na shati bila kaptura. Mama alishona nguo za watu barazani kwa cherehani ya mguu. Bibi, mama yake baba, kitanda chake kilikuwa pale pale sebuleni karibu na dirisha, maana chumba kilikuwa kimoja na hicho walilala baba na mama. Sisi watoto tulitandika mkeka chini. Nakueleza hivi ujue nafasi ilivyokuwa. Kitu kikiingia ndani ya nyumba ile, kingine kilibidi kitoke.

Mwaka ule wanaume wengi wakapunguzwa kazini, na baba akiwemo. Wewe uliyekulia mji wa reli unajua maana yake. King'ora cha karakana kiliendelea kulia asubuhi kama kawaida, na baba akikisikia anasimama, anashika kofia, halafu anakumbuka. Anakaa. Mama alikuwa anainamisha kichwa kwenye cherehani asimwone. Chai ya asubuhi ikawa ya kimya, na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga, tena michembe na karanga, mpaka mdogo wangu akauliza kama duniani chakula kingine kimeisha. Bibi akamwambia, "Kula michembe yako, ikikuona unailalamikia na yenyewe itaondoka."

Siku moja nikarudi shule nikakuta kabati la nguo la mama limelazwa uani, milango imeng'olewa. Kabati lile lilikuwa la mninga, wazazi wake walimpa siku anaolewa. Baba alikuwa na randa, anaondoa rangi ya zamani, maranda yanaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Mama alizikunja nguo zake moja moja, akazitia kwenye sanduku la bati, akafunga.

"Unatengeneza nini, baba?" nikauliza.

"Barabara," akasema.

Akanieleza. Alipokuwa kijana aliitwa kwenda kutengeneza umeme nyumbani kwa mhandisi mmoja mgeni, na ukutani kulikuwa na ubao mkubwa. Watoto wa yule bwana wakaushusha, kumbe ndani kuna barabara, na kwenye barabara kuna mifereji miwili myembamba, na magari madogo yanakimbia yenyewe, kila moja limeshikwa na mfereji wake. Wakimaliza kucheza wanaikunja, ukuta unabaki ukuta. Baba alisema hakuisahau. Alisema mtu anayeweza kuikunja barabara akaiweka pembeni, huyo ni tajiri.

Akaichora kwa penseli kwenye milango miwili ya kabati, akaiunganisha kwa bawaba ili ifunguke kama kitabu. Kila upande akaupigia ukingo wa mbao, kiasi cha shubiri, magari na vidaraja vikae ndani ikifungwa. Pembeni akatoboa tundu la kupitishia waya. Mifereji aliichonga kwa patasi, siku nyingi sana, amepiga magoti sakafuni kama anasali. Pembeni mwa mfereji akalaza nyaya za shaba. Mota akazitoa kwenye redio kaseti mbovu za mtaa mzima. Magari yalikuwa ya makopo ya maziwa, matairi ya ndala zilizokatika, na chini ya pua ya kila gari msumari mmoja unaoingia mferejini. Ukibonyeza kizibo cha soda kilichounganishwa na betri, gari linakwenda. Ukiachia, linasimama. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nina watoto na nasoma masomo ya jioni, mwalimu alipochora sakiti ubaoni nilicheka peke yangu darasani. Nilikuwa nimeshaicheza.

Na barabara yenyewe haikuwa ya kuzunguka tu bure. Baba aliandika majina pembeni kwa rangi nyeupe: Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua, mpaka Ujiji ziwani, halafu inageuka inarudi. Bibi akainama kuangalia, hajui kusoma, akasomewa. Akapiga kofi moja.

"Babu yangu njia hiyo aliipiga kwa miguu, mzigo begani," akasema. "Leo mwanangu anataka kuikunja anipandishie juu ya kichwa nikilala."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Pa kuiweka hapakuwepo, ukutani kitanda cha bibi, sakafuni mkeka wetu. Baba akafunga kulabu nne kwenye kenchi na kapi, na kila jioni barabara ilikunjwa, ikavutwa juu kwa kamba, ikakaa pale juu kama jeneza. Neno hilo alilisema jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu aliyekaanga kalimati upande wa pili wa uchochoro, na mama akamkataza.

"Basi kama ndege," jirani akasema. "Shemeji, hiyo reli yako inafika Kigoma lini? Nina mzigo wa kalimati naupeleka."

"Bado tunajenga, shemeji," baba akajibu bila kuinua kichwa.

"Jengeni. Ila zikichacha utakula wewe."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini siku moja nilikuwa nyuma ya jiko namenya karanga, mama na bibi hawajui kama nipo, nikamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Mama, huyu akimaliza kile kidude chake ataondoka. Namwona. Anakishika kama mtu anayeaga."

"Wanaume wa huku njia iko kwenye nyayo," bibi akasema. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi, akabeba tena. Hakuna aliyekuwa anamtuma."

"Lakini atakwenda wapi?"

"Kwani na wao wanajua?"

Rafiki yangu, usiku ule nilipiga magoti kwenye mkeka. Wenzangu waliokuwa wamepunguzwa baba zao, baadhi tayari baba zao walikuwa wameondoka, mmoja machimboni, mmoja kwenye tumbaku, mmoja hajulikani. Nikawaza kitoto. Kama akimaliza ataondoka, basi asimalize. Nikasema, "Bwana, barabara ya baba isiishe." Nikasema tena kesho yake, na kila siku nikipita kanisani kutoka shule naingia, nachovya kidole kwenye maji ya baraka, nasema hilo hilo moja.

Na Mungu akasikia. Mvua zilipokolea, ule mninga ukavimba. Upande mmoja ukavimba kuliko mwingine, na pale kwenye bawaba, mifereji ikakataa kukutana. Gari linatoka Tabora vizuri, linafika katikati, msumari unagonga, gari linaruka linaanguka sakafuni. Pale penye bawaba ndipo baba alipoandika Usoke. Watoto wa mtaa waliokuwa wanajazana mlangoni kuangalia walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, "Ajali Usoke!" Ikawa msemo. Mtu akijikwaa uchochoroni, ajali Usoke. Jirani akiunguza kalimati, ajali Usoke. Jirani alisema Usoke kuna mchawi, mtani wake wa huko akamnunia siku mbili. Baba anapiga patasi, anapiga msasa, mvua inanyesha, ubao unavimba tena. Yeye anatoa jasho, mimi nashukuru kimoyomoyo.

Halafu akaja mtu wa Ipole, kule porini. Huyu alikuwa mrina asali, anakuja mjini mara kwa mara na madumu kwenye baiskeli, na mama alikuwa mteja wake. Alimsalimia bibi "mwangaluka", wakasemeshana Kinyamwezi kidogo, halafu akamwona baba pale sakafuni.

"Fundi, ubao huo una kiu," akasema. "Unywesheni nta. Ukishakunywa nta hautaki maji tena."

Akamwachia baba bonge la nta. Baba akaiyeyusha kwenye karai la mama la kukaangia maandazi, akaipaka mferejini kote, kwa kidole, mara mbili, mara tatu, kutoka Tabora mpaka Ujiji na kurudi. Nyumba nzima ikanuka kama kanisa siku ya mishumaa. Maandazi nayo yakanuka. Na siku ile gari likapita Usoke. Likayumba, lakini likapita. Watoto walishangilia mpaka bibi akaziba masikio, mdogo wangu akacheza ngoma bila kaptura, na baba akaniangalia mimi, anangoja nifurahi. Nikatabasamu kwa meno tu.

"Bado kidogo," akasema. "Wiki moja ya kunyoosha hapa, imekwisha."

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu.

Mama alirudi kanisani na majivu kwenye paji la uso, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu kabati livunjwe akamwambia baba neno kuhusu jambo lile. "Baba yao, Kwaresima hii hakuna michezo ndani ya nyumba hii. Ipandishe. Tutaishusha Pasaka."

Baba angeweza kubisha. Hakubisha. Akaikunja, akaivuta juu, akafunga kamba. Mimi nikaona Mungu amenipa Kwaresima nzima, na nilifunga mwaka ule kuliko mtu mzima, mpaka bibi akaniambia nisishindane na mapadri.

Sasa wewe wa Tabora umeshajua kilichotokea. Sanduku la mbao, limepakwa nta ndani, lina tundu dogo pembeni, limening'inizwa juu mahali pakavu karibu na uwazi kati ya ukuta na bati. Warina asali wanatengeneza mizinga hivyo hivyo makusudi, wanapaka nta, wanatundika mtini, wanangoja. Baba alikuwa Mnyamwezi mwenye babu warina asali pande zote mbili, na hakuwaza. Hatukuwaza hata mmoja wetu. Sauti tuliisikia, ya kuvuma, nzito. Baba akasema, "Nimesahau mota kwenye betri," akaona haya kuishusha mbele ya mama. Bibi akadhani ni masikio yake. Jirani akasema, "Nyumba yenu siku hizi inakoroma." Nyuki mmoja mmoja tuliwaona kwenye taa, lakini hapa kwetu nani anamhesabu nyuki?

Jumatatu ya Pasaka, tumekula wali na kuku, watoto wa mtaa wamejaa mlangoni na nguo mpya, baba akafungua kamba. Ikashuka taratibu. Ilikuwa nzito, namkumbuka akisema, "Mbona imenona?" Akaifungua.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka rangi tu, hewa ikawa ya kahawia. Bibi alimvuta mdogo wangu akamtia chini ya kitanda akamlalia na khanga zake. Jirani alirusha karai la kuni zinazofuka moshi katikati ya sebule kutokea mlangoni, na nadhani ndiye aliyetuokoa. Baba angeweza kukimbia. Badala yake akairudia ile barabara akaifunga kwa kifua chake, akailalia, ili waliobaki ndani wasitoke. Mama akanivuta nje kwa nywele.

Baba walimpeleka hospitali ya Kitete kwa baiskeli. Uso ulikuwa umevimba, hauna macho wala mdomo. Mama alisali rozari mbele ya wodi, na mimi nikasali naye, lakini nilikuwa sijui nimwombe nini tena Mungu. Nilidhani ndiye aliyeifunga barabara kwa nyuki kwa sababu yangu.

Baba alipona; siku hizo sisi tulilala kwa jirani, sebule tukawaachia nyuki. Aliporudi, mtu wa Ipole alikuwa ametangulia, amekaa kwenye ngazi anacheka mpaka anashika mbavu.

"Fundi, sisi huko tunatundika mizinga na kuomba, mwaka mzima wanapita tu. Wewe unawaita mpaka sebuleni! Una mkono wewe."

Akawasha mwenge wa majani, akafukiza moshi, akaifunua barabara taratibu. Tukasogea. Upande wa juu wa ubao masega yalikuwa yamening'inia, meupe, mapya. Na yalifuata mfereji. Nyuki walianza pale palipopakwa nta, kwa hiyo walijenga barabara. Sega lilitoka Tabora, likapinda palipopinda, likapita Usoke bila ajali yoyote, mpaka Ujiji, likarudi. Baba aliangalia kwa jicho moja lililofunguka. Aliangalia muda mrefu. Halafu akacheka, na kile kicheko kilikuwa cha zamani, cha kabla karakana haijamfungia mlango.

Mama aliingia chumbani. Alijua kabla yetu.

Jioni nyuki walipotulia, baba na mtu wa Ipole waliziba tundu kwa udongo, wakaifunga ile barabara kwa blanketi la mama. Lori la tumbaku lilikuwa linarudi upande wa Ipole, na baba alikuwa anakwenda nalo kufuga nyuki. Niliwasikia baba na mama mlangoni.

"Utarudi lini?"

"Asali ikiiva."

"Na isipoiva?"

"Itaiva, mama watoto."

"Blanketi ni moja tu," mama akasema.

"Nitalirudisha."

Akamshika bibi kichwa, akambeba mdogo wangu akamshusha, na mimi akanipa gari moja la kopo. Alisema barabara haikuisha lakini imepata kazi nzuri zaidi. Lori likaondoka.

Alirudi. Sitaki umfikirie vibaya. Alirudi asali ilipoiva, ananuka moshi, na dumu zima, na ada zetu zikalipwa. Kisha akarudi tena msimu mwingine. Lakini alikuwa anakaa kwenye kiti kama mgeni, anauliza sukari iko wapi. Kila mara siku zake nyumbani zikapungua. Watu wakasema ana mke na mji mwingine huko. Mama hakuuliza, alishona, akatusomesha, Jumapili akaenda kanisani na nguo zilizopigwa pasi kutoka kwenye lile sanduku la bati. Bibi alipofariki baba alifika baada ya maziko, na alipofariki yeye ikawa zamu yetu kuchelewa, kwa sababu ya mvua na barabara. Walikuwa wameshamzika Ipole. Yule mrina asali, mzee sasa, alinipeleka porini nikaone. Juu ya mti barabara yetu ilikuwa bado imetundikwa, imepauka, jina la Urambo linasomeka kidogo. Nyuki wanaingia kwenye tundu la waya.

Leo hata mti ule haupo. Pori limekatwa, limekwenda kukausha tumbaku na kuchoma mkaa. King'ora hakilii. Jirani amehamia kwa mwanawe, na uchochoro haunuki kalimati. Mwanangu wa mwisho anaendesha magari kwenye simu, mazuri, yanaanguka na hayaumii, na akimaliza anazima, barabara yake haikunjwi wala haivutwi juu.

Mama alinikuta bado nimekaa na kile kipande cha kamba. Akakaa karibu yangu. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba nilikuwa namwomba Mungu barabara ya baba isiishe.

Akakichukua kile kipande mkononi mwangu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa namwomba iishe. Nilitaka ainuke pale sakafuni, mwanangu. Nilikuwa siwezi tena kumwona sakafuni."

Haikuisha. Na aliinuka. Chini ya bati moja tuliomba wawili, mmoja hivi na mwingine vile, na sote tulipewa. Hakuna kati yetu aliyesema tu, Bwana, abaki. Mimi siku hizi nikipiga magoti nataja jambo lenyewe, kwa jina lake, kama mtoto anayeomba maji. Wanangu wananicheka.

Mafundi wamekuja jana. Wakauliza kulabu zile wazikate au vipi, maana dari itapita chini yake, hazitaonekana tena.

"Kama hazitaonekana," mama akasema, "zinawasumbua nini? Ziacheni."